Mchuzi Usio wa Jiko la Mkwe

Ijumaa, 5 Desemba

Tumefunga shule. Mwalimu Stanislaus wa somo la Biashara ametupa kazi ya likizo: kila mmoja achague kitu kinachouzwa hapa Kasulu, aulize wanunuzi kwa nini wanakichagua na wako tayari kutoa kiasi gani. "Msiniletee majibu ya kitabuni," alisema. "Nileteeni watu."

Rafiki yangu Kezia amechagua vocha za simu. Mimi nimechagua mchuzi wa binzari wa kufungasha wa Bi Swaumu, kwa sababu harufu yake hupita mbele ya nyumba yetu kila siku na haijawahi kuingia.

Jumamosi, 6 Desemba

Bi Swaumu alizaliwa Ujiji na huongea kama anaimba. Amekubali niulize wateja wake, lakini kwa sharti. "Mdomo uulize, mikono imenye," akasema, akanisukumia beseni la vitunguu saumu.

Leo nimeshtuka mpaka nimechoka. Kwanza, ana meza mpya na viti vyake, na hakuna anayekaa. Kila anayeingia anasema, "Nifungie."

"Waha mmenishinda," Bi Swaumu akaniambia. "Tangu nije huku sijaona mtu mzima akitafuna hadharani. Mnakulia wapi nyie, chini ya kitanda?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtu mzima anaona aibu kula mbele za watu.

"Haya. Na meza zangu nizile mie?"

Pili ni bei. Mchuzi wa kuku, chombo kimoja cha foili, ni elfu tano, na wali haumo. Kwa fedha hiyo Mama hutupikia maharage ya siku mbili na chenji inarudi. Lakini kijana mmoja mwenye gari la shirika, anayefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta, alichukua vyombo sita bila hata kuuliza bei. Nikamuuliza kwa nini.

"Dada, mimi kutwa nashinda nikigawa unga na maharage," akasema. "Jioni nataka kula kitu chenye rangi."

Halafu akaja mama mmoja amevaa vizuri, amebeba sufuria yake chini ya kanga. "Usinifungie," akamnong'oneza Bi Swaumu. "Mimina humu."

Nikamsogelea na kalamu yangu. "Samahani mama, kwa nini umechagua—"

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Tharsisi, fundi seremala."

"Basi mwambie Tharsisi akufundishe kunyamaza."

Alipoondoka Bi Swaumu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. "Huyo anapikia kwangu tangu Pasaka. Mumewe anamsifu kwa watu!"

Kumdanganya mume kwa mchuzi! Sikujua watu wazima wanafanya hivyo. Nimeandika: mnunuzi hakutaka kujibu.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua kutwa. Kanisani tulikuwa wachache, na kwaya iliimba kwa kupiga kelele ili bati lisiishinde.

Jumanne, 9 Desemba

Mjomba Sylvesta amemleta Bibi kutoka Kitahana. Bibi Niyomwungere ni mama yake Mama. Ana kidonda mguuni kilichokataa kupona. Hospitali ipo kwao Kibondo pia, lakini kule hakuna wa kumuuguza, maana Mjomba na mkewe wako shambani toka alfajiri.

Hajawahi kulala kwetu tangu nizaliwe. Amepewa chumba cha nje ambacho mlango wake unatazama uani, na Baba sasa anazunguka nyuma ya nyumba ili wasikutane. Hilo halikunishangaza. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hata kwa kina Kezia ni hivyo. Kilichonishangaza ni mfuko aliokuja nao: viazi, maharage, unga wa muhogo, chumvi yake, na chungu chake mwenyewe. Mama amempangia mafiga matatu chini ya upenu na anampikia hapo, mbali na jiko letu.

"Bibi hapendi chumvi yetu?" nikauliza.

"Kamenye vitunguu vyako," Mama akasema.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemsindikiza Bibi kusafishwa kidonda. Nesi amempa vidonge vikali, vya kumeza baada ya kula. Amerudia mara nyingi: baada ya kula.

Ijumaa, 12 Desemba

Wateja wengi kwa sababu ya baridi. Karani mmoja amesema ananunua mchuzi kwa sababu chumba alichopanga kinakuwa na joto kama tanuri akipika. Dereva wa lori la maharage linalokwenda Buhigwe amesema anakula peke yake ndani ya gari, amefunga vioo, "kama mwizi." Tukacheka wote.

Jumatatu, 15 Desemba

Mfuko wa Bibi umekwisha. Mama alimpelekea ugali na dagaa kutoka jikoni kwetu. Sahani imerudi kama ilivyokwenda.

"Nimeshiba," Bibi alisema.

Ameshiba nini?

Jumatano, 17 Desemba

Mjomba amepigiwa simu. Alituma viazi vichache kwa basi, navyo vimekwisha. Anasema huu ni mwezi wa kupanda, ghala lao halina kitu mpaka mavuno. Bibi anakula mapera yaliyoanguka kwenye mti wa barabarani na anakinga maji ya mvua kwa kikombe chake mwenyewe. Maji ya ndoo yetu hayagusi.

Leo nimewaza jambo baya. Nimewaza kwamba Bibi anaogopa tutamtilia sumu. Nimeshtuka kwamba wazo kama hilo limeweza kuingia kichwani mwangu, tena kuhusu nyumba yetu. Nimeomba msamaha kwa Mungu, lakini bado sielewi.

Alhamisi, 18 Desemba

Sasa naelewa, na ni afadhali nisingeelewa.

Mama Vestina, muuza vitenge, huja kwa Bi Swaumu karibu kila siku. Hununua mchuzi wa kuku na wali, chombo kimoja tu, ingawa nyumbani kwake wako wengi. Mimi nilishamhukumu kwamba anakula kwa siri watoto wakilala njaa. Leo nimemuuliza.

"Si wangu," akasema. "Mama yangu mzazi yuko kwangu, anaumwa macho. Mume wangu bado hajamfungua mdomo. Sasa atakula nini? Chakula cha jikoni kwangu ni cha mkwewe. Hiki cha dukani hakina mwenyewe, na nakilipa kwa fedha yangu ya vitenge."

"Kumfungua mdomo ndiyo nini?"

Akanishangaa. "Mtoto wa kike mkubwa hivi! Ukoo wa mwanamume wanapeleka chakula kwa mama mkwe. Wanasema wametumwa na nani. Akishakionja, basi, mdomo umefunguka, anakula kwa binti yake mpaka afe. Kabla hajaonja, hali hata chumvi."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso.

"Baba yako aliletwa nchi hii akiwa mgongoni kwa shangazi yake," akasema. "Shangazi amefariki. Wengine walirudi Burundi, hatujui waliko. Tulipooana alimtuma Ndayisaba, rafiki yake wa kazi, na kuku wawili mpaka Kitahana. Bibi yako akauliza, huyu ni damu ya nani? Ndayisaba hana uongo, akasema yeye ni rafiki tu. Wakamrudisha na kuku wake mkononi, na watoto wa kijiji wakimfuata nyuma."

"Na Baba?"

"Baba yako amesema hatatuma tena."

Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunaenda kwa Bibi, mimi na Mama peke yetu, na mimi nikiamini kwamba Baba ana kazi nyingi.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama hana fedha yake mwenyewe, kwa hiyo nilisubiri Baba anywe chai ndipo nikamwomba anunue mchuzi kwa Bi Swaumu kwa ajili ya Bibi. Baba ni mpole. Hajawahi kunichapa. Leo ameweka kikombe mezani hadi chai ikaruka.

"Mama yako mzazi," alimwambia Mama, si mimi, "amekaa chini ya bati langu, amelalia kitanda nilichokiranda kwa mikono yangu, na maji yangu hayanywi. Leo mimi nikatoe elfu tano ili ale cha dukani, afe hajaonja cha jikoni kwangu? Hapana. Oya, oya," akarudia kukataa kwa Kirundi.

"Tharsisi, ataanguka."

"Na mimi nilianguka. Nani aliniokota?"

Akatoka bila koti. Sikujua Baba anaweza kusema maneno kama hayo kuhusu mgonjwa. Nimekaa nikitazama chai iliyomwagika.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemwambia Bi Swaumu nataka kufanya kazi ya kweli na anilipe kwa chombo kimoja cha mchuzi wa kuku. Hiyo haitakuwa fedha ya Baba. Bi Swaumu alinisogezea beseni.

"Menya mpaka Jumanne," akasema. "Na mie nitakuwekea paja."

Jumapili, 21 Desemba

Mikono yangu inanuka vitunguu hata kanisani. Bibi amekula pera moja.

Jumanne, 23 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Asubuhi Bibi alianguka uani akienda chooni. Mama alimpakia kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma kumshikilia, wakaenda hospitali. Nesi alimvuta ngozi ya mkono, akamgeukia Mama. "Mnamlisha huyu?" Nesi akaendelea: "Mama, dawa hii inataka chakula. Mkiendelea hivi mtakuwa mnaniletea mguu tu, mwenye mguu atakuwa ameshaondoka." Mama alinisimulia huku akimlaza Bibi kitandani, na Bibi alisikia yote na akageukia ukuta.

Saa nane Bi Swaumu alinifungia chombo changu. Alikijaza mpaka mchuzi ukagusa mfuniko, akafuta kingo, akakiweka ndani ya mfuko mbadala. Nilikimbia kwenye manyunyu nimekikumbatia, kikiniunguza kifua.

Nilipiga magoti mbele ya Bibi. "Bibi, hiki ni cha dukani. Hakikupikwa jikoni kwa Baba."

Alijiinua. Nilifungua mfuniko, na ile harufu ya binzari na tangawizi ikajaa chumba chote. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Nani amelipa?"

Ningeweza kusema Bi Swaumu ametoa zawadi. Mama alikuwa amenifundisha tangu mdogo nisiseme uongo, na ulimi wangu haukujua njia nyingine.

"Nimelipa mimi. Nimemenya vitunguu. Si fedha ya Baba."

Bibi alirudisha mfuniko taratibu, akaubana kona zote.

"Wewe ni nani?"

"Ange. Mjukuu wako."

"Mjukuu wangu, ego, ndiyo. Lakini wewe ni wa kwao, mwana wanje, mtoto wangu. Jina ulilonalo ni la kwao. Damu ni ya kwao. Mkono wako ni mkono wa Tharsisi. Kiondoe."

Masikio yangu yaliwaka. Miaka yote nimelala ubavuni mwake Kitahana, nimemchotea maji, nimemkuna mgongo, na kumbe mimi ni mgeni kwake! Nilisimama. Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima yeyote:

"Kama mimi ni wa kwao, basi wa kwao wamekuja! Ulitaka waje na chakula. Mimi hapa, na chakula hiki hapa. Unamsubiri nani tena?"

Mama aliingia mbio, mwiko mkononi. "Ange! Unamfokea bibi yako?"

Bibi alimnyamazisha kwa kiganja. Mvua ilikuwa imeanza kuponda bati. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, pole pole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyesimama mlangoni na mzigo.

"Mjumbe hutumwa," akasema. "Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi hujafika."

Nilichukua chombo nikatoka nacho. Karakana ya Baba iko upande wa pili wa barabara. Alikuwa anaranda mlango, na hakuacha aliponiona nimelowa.

"Baba, nitume."

"Nikutume wapi?"

"Kwa Bibi."

Nilimweleza kila neno, hata nilivyomfokea. Aliendelea kuranda. Maranda yalinianguka miguuni.

"Nilituma mtu," akasema mwishowe. "Alirudishwa."

"Ndayisaba si damu yako. Mimi ni damu yako, Bibi amesema mwenyewe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mkono wangu ni mkono wako."

Randa ilisimama. Baba alikuja, akafungua mfuniko, akachovya ncha ya kidole kwenye mchuzi. Nilidhani ataonja. Hakuonja.

"Kimepoa," akasema. "Mkwe hapelekewi chakula kilichopoa."

Nikamwona anavua aproni. Akanawa mikono, akanawa na uso, akatoka kwenye mvua hivyo hivyo, na mimi nyuma yake, mpaka kwa Bi Swaumu.

"Nipe mchuzi wa kuku mzima."

Bi Swaumu akaweka upawa kiunoni. "Kuku mzima? Tharsisi! Wewe ambaye ukipita hapa unavuka barabara?"

"Mzima. Na firigisi uiweke juu, ionekane."

"Ehe! Firigisi ya nani leo?"

"Ya mama mkwe wangu."

Bi Swaumu hakutania tena. Alichagua chombo kikubwa, akapanga vipande kama anapanga maua, firigisi katikati. Baba, ambaye hupatana bei hata ya misumari, alitoa fedha mfukoni na hakuuliza ni kiasi gani. Nilishtuka kuliko siku ya vyombo sita vya yule kijana wa Nduta.

Tulipofika kwetu alisimama kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo Bibi hawezi kumwona. Alinishika mabega.

"Utasema hivi: Mabukwe, Tharsisi mwana wa Niyonsaba amenituma kwako. Anasema alichelewa kwa sababu watu wake walitawanyika. Hakuchelewa kwa dharau. Sema."

Nikasema, kuanzia hilo "Mabukwe", yaani mama mkwe.

"Tena."

Nikasema tena. Nilikuwa sijawahi kusikia akimtaja babu yangu kwa jina.

Bibi alikuwa amekaa wima kitandani, amejifunga kitambaa safi kichwani. Nadhani alisikia yote kupitia ukutani, lakini alinisubiri nipige magoti, nitoe chombo kwa mikono miwili, na niseme kama nilivyotumwa. Nilipofika kwenye neno "walitawanyika" alifumba macho.

"Mwambie aliyekutuma umefika," akasema.

Mama alimnawisha. Bibi aliichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitafuna muda mrefu sana kwa sababu meno yake ni machache. Akameza. Akakohoa.

"Mana yanje, Mungu wangu, pilipili gani hii? Watu wa Ujiji wanataka kutuua." Kisha akamtazama Mama. "Dorcas, hiki kinaliwa kikavu? Kwako hakuna ugali?"

Mama alitoka mbio. Nilisikia vifuniko vya sufuria vikianguka jikoni, kimoja baada ya kingine.

Nilirudi kwenye kona ya ukuta. Baba alikuwa bado pale, maji yakimtiririka shingoni.

"Anakula?"

"Anakula. Ugali wetu pia."

"Anasema nini?"

"Anasema ugali wetu haujaiva."

Baba aliziba mdomo kwa mkono na akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuweza kujua anacheka au analia, na sikuona adabu kuchungulia.

Jumatano, 24 Desemba

Bibi amemeza vidonge vyake na amelala. Nimejaribu kuandika kazi ya Mwalimu Stanislaus. Sababu za kununua nimezipata za kutosha: rangi, joto la chumba, aibu, mume wa kusifu, mama mkwe. Kwenye sehemu ya kiasi ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa nimekwama kwa Baba. Sijui kama mwalimu atakubali nikiandika kwamba hakuuliza.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Tulitoka kanisani mvua ikaanza, kubwa kuliko zote za mwezi huu. Bibi aliniita kwa sauti kutoka chumba cha nje. Nilidhani ameanguka tena. Nilikuta amesimama, anaegemea fimbo, anaonyesha juu.

"Nenda kwa mkwe wangu. Mwambie bati lake linanivujia kitandani. Fundi gani huyu?"

Haijawahi kutokea Bibi akamtumia Baba neno lolote, la heri wala la shari. Nilimfikishia kama lilivyo, nikaogopa atakasirika. Baba alikuwa bado na shati lake jeupe la kanisani. Hata hakubadilisha. Alichukua nyundo na misumari, akapanda juu ya bati kwenye mvua ile ile, Mama akipiga kelele kuhusu shati. Na Bibi chini, bila kumwona, alikuwa anagonga bati kwa fimbo kumwonyesha tundu lilipo.

"Hapo! Oya, si hapo. Mbele kidogo, mwanangu. Mbele."